Mwongozo kamili wa kuimarisha uchumi wa mji mdogo wa soko kisiwani Pemba

Miji midogo ya Pemba, kama vile Konde katika Wilaya ya Micheweni, imekua kwa sababu njia za mashambani na za pwani zinakutana hapo. Upande mmoja kuna Makangale na msitu wa Ngezi, upande mwengine kuna Tumbe na wavuvi wake, na katikati kuna mabonde ya mpunga na vilima vya mikarafuu. Mkulima huleta muhogo na ndizi, mvuvi huleta vibua na changu, mwenye duka hutoa mchele, sukari na mafuta, na kila mmoja hurudi kwake na kile alichokuwa hana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya masheha, kamati za masoko, maofisa wa halmashauri, viongozi wa vikundi na wafanyabiashara wanaotaka mji wa namna hiyo uwe na nguvu zaidi kuliko ulivyo leo.

Mazungumzo mengi kuhusu maendeleo ya miji yetu huanza na mwekezaji anayesubiriwa kutoka mbali. Mimi ninashauri tuanze na fedha ambazo tayari zinaingia. Pemba huingiza fedha za karafuu, mwani, samaki na dagaa, mishahara ya walimu na wauguzi, pamoja na zile zinazotumwa na jamaa walioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Uarabuni. Linalopaswa kuulizwa ni mara ngapi fedha hizo hubadilisha mikono kabla hazijapanda boti.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukulie kwamba mtu ameuza karafuu na ana shilingi 10,000 za kutumia. Ikiwa kila anayezipokea hutumia sehemu 3 kati ya 10 kwa watu wa mji uleule, mwisho wake shilingi hizo 10,000 zitakuwa zimefanya biashara ya takriban shilingi 14,300 mjini. Ikiwa kila mmoja hutumia sehemu 6 kati ya 10, biashara itafikia shilingi 25,000. Karafuu ni zilezile na bei ni ileile, lakini mji wa pili unaishi vizuri zaidi. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuusogeza mji kutoka hesabu ya kwanza kwenda ya pili.

Hatua ya kwanza: undeni kamati na mhesabu

Kamati isizidi watu tisa au kumi, kwa sababu kamati kubwa hukutana mara moja tu. Awemo sheha, ofisa mmoja wa halmashauri, dalali wa samaki, wanawake wawili wanaouza mboga na vyakula, mwenye duka la jumla, dereva wa gari za abiria, mkulima wa mwani, na kijana anayeandika vizuri na kujua hesabu. Msiwaache nje madalali kwa kudhani kwamba wao ndio tatizo. Wanajua bei ya kila chombo na deni la kila mvuvi, na mpango ambao dalali hakushirikishwa huanguka wiki ya kwanza.

Kazi ya kwanza ya kamati ni kuhesabu. Chagueni siku tatu za kawaida, zisizo Ijumaa wala mkesha wa sikukuu, na mkae sokoni tangu samaki wa mwanzo wanaposhushwa hadi wachuuzi wa mwisho wanapofunga. Kwa kila bidhaa andikeni imetoka wapi, imeletwa kwa kipimo gani (polo, pakacha, tenga, kilo au fungu), imeuzwa kwa bei gani, na kiasi gani kimebaki au kimeoza. Kisha ingieni madukani, muulize kwa heshima ni vitu gani vinavyoagizwa Chake Chake, Unguja au Tanga kila wiki. Wenye maduka hawatasema faida yao, na haina haja. Kinachotakiwa ni idadi ya mapolo na makatoni.

Hesabu hiyo irudiwe angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa msimu wa karafuu na mara moja katika miezi ya ukata. Ramadhani ihesabiwe peke yake, kwani soko lake ni jengine kabisa: asubuhi hulala, baada ya adhuhuri hufurika, na muhogo, viazi vikuu, majimbi, ndizi mbichi na nazi hupanda bei kwa pamoja. Mkulima anayejua kwamba mwezi huo huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida anaweza kupanga muhogo wake ukomae kwa wakati.

Hatua ya pili: chagueni matundu machache ya kuziba

Orodha ya vitu vinavyoagizwa kutoka nje, ambavyo ndiyo matundu yanayovujisha fedha za mji, itakuwa ndefu na itatisha. Msijaribu kuiziba yote. Sukari, mafuta ya kula na unga wa ngano muviache. Mchele wa mapembe, yaani ule unaoagizwa kutoka nje, pia muuache kwa sasa: mabonde yetu hutoa mpunga mzuri na yastahili kulimwa yote, lakini hayatoshi kulisha kisiwa, na kamati ya mji haiwezi kuubeba mzigo huo. Mbatata hupenda ubaridi wa milimani, kwa hiyo ziendelee kuja kutoka bara, na badala yake tuuze muhogo wetu kwa namna zinazovutia zaidi.

Tungule, yaani nyanya, ni jambo jengine. Mara nyingi tungule zinazouzwa kwetu zimevuka bahari huku tuna ardhi, maji na vijana. Shida kubwa ni kwamba wakulima wetu hupanda kwa pamoja, huvuna kwa pamoja, bei huanguka hadi tungule zinaoza ndani ya matenga, na miezi miwili baadaye hakuna hata moja, kwa hiyo mchuuzi hurudi kwa msambazaji wa bara ambaye hamkosi. Mchuuzi hana kosa katika hilo, maana mteja wake anataka tungule kila siku.

Dawa yake ni ratiba ya pamoja. Miche hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, na mavuno huanza takriban siku 60 hadi 80 baada ya kuhamishwa shambani, kutegemea mbegu. Wakulima kumi wenye maji ya kisima au ya kijito wagawane makundi matano, na kila baada ya wiki mbili kundi moja lihamishe miche yake. Kila mmoja aanze na eneo dogo analoweza kulimwagilia bila kuchoka. Masika ndiyo msimu mgumu, kwani unyevu huleta ukungu wa majani na mnyauko, kwa hiyo wanaopanda miezi hiyo watumie matuta ya juu, waifunge miche kwenye vijiti, na wasipande mahali palipokuwa na bilingani, pilipili au tungule msimu uliopita, kwa kuwa mimea hiyo ni ya jamii moja na huambukizana maradhi. Kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini, kamati iwakutanishe wakulima hao na wachuuzi wanne au watano wanaokubali kununua kila wiki kwa kiwango kilichokubaliwa. Bei inaweza kupanda na kushuka na soko, lakini ahadi ya kuchukua mzigo iwe imara, na ahadi ya kuuleta iwe imara vilevile.

Mayai huonekana kuwa jambo rahisi kuliko tungule, nami nashauri tahadhari. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na muda wote huo anakula. Chakula ndicho sehemu kubwa ya gharama, na kama chakula chenyewe kinatoka bara, basi fedha ya yai nayo inaondoka, ila imepitia mlango mwengine. Mradi wa kuku uanze na swali la chakula: makopa ya muhogo, mabaki ya dagaa, pumba za mpunga na maganda ya chaza yaliyosagwa vinaweza kuchukua sehemu ya mchanganyiko, na bwana mifugo wa wilaya aulizwe viwango kabla ya kuku kununuliwa.

Hatua ya tatu: soko lenyewe

Tazameni mnada wa samaki asubuhi. Samaki wamepangwa mafungu chini, dalali amesimama juu yao akiita bei, wachuuzi wa pikipiki wamekaa mbele, wanawake wanaonunua kwa ajili ya kukaanga wako nyuma na huchukua kilichobaki. Katika muda mfupi bei ya siku imekwisha kupangwa. Jua likishapanda, samaki aliyekosa mnunuzi huanza kulainika, na mvuvi hukubali bei yoyote anayopewa. Ndani ya saa hiyo moja fedha nyingi za mji hupotea, kwa hiyo marekebisho ya soko yaanzie hapo.

Barafu ndiyo ya kwanza. Kisiwa kiliunganishwa na umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, kwa hiyo friza si ndoto tena katika miji yetu. Kanuni inayotumika katika nchi za joto ni takriban kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, ikipangwa kwa tabaka ndani ya sanduku lenye kifuniko. Wavuvi wakipewa barafu asubuhi kabla ya kuondoka, samaki hufika na hali nzuri na mvuvi hupata ujasiri wa kusubiri bei. Biashara ya barafu inaweza kuendeshwa na kikundi cha vijana, mradi maji yawe safi na kipimo cha mfuko kisibadilikebadilike.

Pili ni mizani. Fungu lina faida zake, kwani maskini huweza kununua kiasi anachokimudu, na sioni sababu ya kulifuta. Hata hivyo, kwa mauzo ya jumla mizani ni lazima, kwa sababu mkulima anayeuza polo lililojazwa hadi kufanyiwa kilemba juu hajui ametoa kilo ngapi za bure. Kamati inunue mizani mbili, ziwekwe mahali pa wazi, zikaguliwe na mamlaka ya vipimo, na mtu yeyote aruhusiwe kupimia. Kando yake uwekwe ubao wa bei: jana samaki wa aina fulani aliuzwa kiasi gani, na kamisheni ya dalali ni kiasi gani kwa kila elfu. Kamisheni ikishaandikwa ubaoni, ugomvi hupungua, hata kama haikupunguzwa.

Tatu ni maji, choo na kivuli. Wauzaji wengi wa mboga ni akina mama wanaokaa sokoni tangu alfajiri, na soko lisilo na choo chenye mlango huwalazimisha kuondoka mapema na kuuza kwa hasara. Meza za saruji, mtaro wa maji ya mvua na jaa linalozolewa kila siku hufuata. Wale wanaouza kando ya barabara wasifukuzwe kabla ya kutengenezewa mahali ambapo wanunuzi hupita kweli; soko zuri lililojengwa mahali pasipopitwa na watu hubaki tupu.

Hatua ya nne: ongezeni thamani, kidogo kwa uhakika

Dagaa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani teknolojia yake inajulikana na wanunuzi wapo, wakiwemo wanaosafirisha hadi Congo. Dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi na kukaushwa juu ya chanja za nyavu hukauka kwa usawa, hawana mchanga, na huuzwa bei bora kuliko walioanikwa ardhini. Kinachohitajika ni miti, nyavu kuukuu, turubai la kufunikia mvua ikija, na nidhamu ya kutenga dagaa safi na waliovunjika.

Mwani unahitaji uvumilivu zaidi. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na leo wanaoulima kwa wingi ni wanawake, huku Pemba ikitoa sehemu kubwa ya mavuno. Aina ya spinosum hustahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Aina nyengine, kotonii, ina bei bora, ila hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na ndiyo maana wanaoweza kufika kwenye kina kirefu kwa ngalawa hupata nafuu. Mwani mkavu hununuliwa kwa kilo kwa bei anayoitaja mnunuzi. Vikundi vinavyosaga unga wa mwani na kutengeneza sabuni hupata zaidi kwa kila kilo, lakini soko la sabuni hiyo liko kwenye mahoteli na maduka ya wageni, na wengi wa wageni hao wako Unguja. Kikundi kisinunue mashine kabla ya kupata mnunuzi wa kwanza aliyekwisha kulipa. Ubora wa mwani mkavu wenyewe, uliokaushwa juu ya chanja bila mchanga wala kamba, unaweza kuboreshwa wiki hii bila mkopo wowote.

Kwa chochote kinacholiwa na kufungashwa, kikundi kipite kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na Taasisi ya Viwango Zanzibar, na jina la biashara lisajiliwe. Hatua hizi huchosha, lakini bila ya hizo bidhaa haiingii katika duka kubwa wala hotelini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na hiyo ni nafasi ya wasusi wa ukindu na makuti ambayo miji yetu haijaitumia ipasavyo.

Hatua ya tano: fedha za karafuu na mitaji

Karafuu kavu kisheria huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kwa bei inayotangazwa, kwa hiyo mji hauna la kufanya kuhusu bei. Una la kufanya kuhusu mambo mawili. La kwanza ni ubora: karafuu iliyoanikwa vizuri kwenye majamvi, ikafunikwa mvua inaponyesha na kutengwa na makonyo (vikonyo vya karafuu), hupata daraja la juu, na makonyo yenyewe yana mnunuzi, kwani kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta yake.

La pili ni wakati. Mikarafuu huzaa kwa kupokezana. Mwaka mmoja matawi huinama, miaka inayofuata huwa haba. Mwenye shamba aliyebanwa na ada za skuli au matibabu hukodisha mikarafuu yake mapema kwa fedha kidogo, na mavuno yanapofika, faida inakuwa ya mtu mwengine. Mji ukiwa na mahali pa kukopa kiasi kidogo katika miezi ya ukata, ukodishaji wa namna hiyo hupungua, na fedha za msimu hubaki katika familia nyingi zaidi.

Mahali hapo ni vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Pemba inavijua vizuri. Wanachama 15 hadi 30 wanaofahamiana hukutana kila wiki, hununua hisa, na sanduku huwa na kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Nashauri siku ya gawio isiwekwe kwa ajili ya Idd peke yake, kwa sababu fedha yote huishia kwenye nguo na mapambo yaliyotoka nje. Igawanywe mara mbili, sehemu moja kabla ya sikukuu na nyengine kabla ya kupanda.

Suala la riba lisipuuzwe. Wapo watu wengi wachamungu wanaojiweka mbali na mikopo yote kwa sababu hiyo, na mji hupoteza mitaji yao na bidii yao. Kikundi kinaweza kufanya murabaha, yaani kinanunua friza au nyavu na kumuuzia mwanachama kwa bei ya juu kidogo iliyokubaliwa mapema, alipe kwa awamu. Au kinaweza kuingia mudharaba, ambapo kikundi hutoa mtaji, mwanachama hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa uwiano uliopangwa. Biashara ikipata hasara bila uzembe, hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji, na jambo hilo lielezwe waziwazi kabla fedha hazijatoka. Kwa mitaji mikubwa zaidi ipo Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966 na ambayo ina huduma za Kiislamu, na upo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar. Vikundi vyenye daftari safi hupokelewa vizuri zaidi.

Hatua ya sita: wanunuzi wakubwa walio karibu

Hospitali, skuli zenye dahalia, vituo vya vikosi, nyumba za wageni na harusi hununua vyakula kwa wingi. Kamati iende kwa kila mmoja na orodha ya vitu vinavyopatikana mjini, na iulize masharti ya kununua: risiti, kiwango, siku ya kuleta, muda wa malipo. Taasisi nyingi huagiza mbali kwa sababu hakuna mtu mmoja hapo mjini anayeweza kuleta kilo 50 za tungule kwa risiti moja. Wakulima waliopangwa katika ratiba ile ya hatua ya pili wanaweza.

Usafiri uangaliwe kwa jicho hilohilo. Madereva wakikubali gari moja iondoke mapema ikiwa na nafasi ya mizigo, na saa yake ikajulikana, mzigo wa Konde huweza kuwahi boti ya Mkoani bila kulala njiani.

Hatua ya saba: ushuru na kupima upya

Kila mwezi halmashauri ibandike sokoni karatasi mbili: ushuru uliokusanywa, na ushuru uliotumika kwa soko hilohilo. Muuzaji anayeona taa mpya na choo kilichotengenezwa hulipa bila kukimbizana na mkusanyaji, na asiyeona kitu hujificha, nami simlaumu.

Baada ya mwaka, rudini sokoni katika wiki zilezile mlizohesabu mwanzo. Linganisheni bidhaa kwa bidhaa: matenga mangapi ya tungule yametoka shehia za jirani na mangapi yamevuka bahari, samaki wangapi wameuzwa kwa bei ya kutupa, wanachama wangapi wamekodisha mikarafuu yao kabla ya kuzaa. Msilinganishe jumla ya mauzo ya mwaka wa karafuu nyingi na ya mwaka wa ukame wa karafuu, kwani mtajisifu au mtakata tamaa bila sababu. Tundu lililozibika muwaachie wakulima na wachuuzi waliendeshe wenyewe, kisha mchukue linalofuata katika orodha.